Wapige Magoti Wanuse: Hasira ya Justina na Kuku Wake Wasionuka

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Justina Mhoja anavua kandambili mlangoni mwa banda lake, anavaa gambuti, anakanyaga beseni la maji ya dawa na kuingia ndani. Anachofanya baada ya hapo, ukimwona kwa mara ya kwanza, utadhani amedondosha sindano.

Anapiga magoti. Anainama mpaka shavu linakaribia kugusa sakafu, katikati ya kuku weupe mia nne wanaomshangaa. Anafumba macho na kuvuta pumzi kwa pua, taratibu, mara tatu. Kisha anainuka, anahamia pembe nyingine na kurudia vilevile, hadi pembe zote nne zinaisha.

"Kuku hana urefu wangu," anasema, akikung'uta pumba magotini. "Hewa mbaya inatoka huku chini kwenye mavi. Ukisimama utasema banda liko safi, kumbe mwenzio chini anakufa. Ukitaka kujua anachovuta, shuka alipo."

Jana mvua ilinyesha Bariadi mchana kutwa. Aliyewahi kufuga kuku wa nyama anajua maana yake: pumba zinavuta unyevu, mavi yanalainika, na asubuhi ukifungua mlango harufu ya amonia inakupiga usoni mpaka machozi yanatoka. Mwandishi wa makala haya naye anapiga magoti na kunusa. Kuna vumbi la pumba za mpunga, kuna manyoya, na kuna harufu ya mbali ya jiko lililozimwa jana. Machozi hayatoki.

Nje ya mlango, ndani ya mfuko wa nailoni uliofungwa kwa waya, zinaning'inia barua tatu. Mojawapo inamwamuru Justina aondoe kuku wote katika eneo la makazi ndani ya siku thelathini. Sababu iliyoandikwa ni "harufu kali isiyovumilika".

Leo ni Jumatatu. Siku ya thelathini ni Ijumaa hii.

"Nimezining'iniza hapa makusudi," anasema Justina, na sauti yake inapanda. "Kila anayekuja kuulizia kuku, asome kwanza, halafu anuse. Aniambie nani mwongo kati yangu na karatasi."

Justina ana miaka arobaini na mmoja. Amezaliwa Lalago, wilayani Maswa, kwenye familia ya wakulima wa pamba, na ameishi pembezoni mwa mji wa Bariadi tangu alipoolewa na Novatus, fundi ujenzi. Hapa mtaani watu humwita Mama Faraja, kwa jina la binti yake wa kwanza anayesomea uuguzi. Ni mwanamke mfupi, mwenye mikono iliyokomaa, na hana kawaida ya kuuma maneno.

Kila awamu ya kuku mia nne, wanaouzwa kuanzia siku ya thelathini na tano, humwachia kati ya shilingi laki tano na laki sita baada ya kutoa gharama za vifaranga, chakula na chanjo. Kazi ya Novatus hutegemea kama kuna mtu anajenga, na msimu wa mvua wajengaji ni wachache. Hivyo nyumba hii inakula kwa kuku, na Faraja anasoma kwa kuku. Wakiondolewa Ijumaa watakuwa na siku thelathini, uzito wa kuuzwa haujafika, na hakuna banda lingine la kuwapeleka.

"Niwapeleke wapi? Niwafunge kamba niwatembeze barabarani kama mbuzi?" anauliza.

Haki isemwe tangu mwanzo, kwani wazee walisema mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Kuna wakati majirani walikuwa na sababu ya kulalamika, na Justina ndiye wa kwanza kukiri.

Ilikuwa miaka miwili iliyopita, awamu yake ya kwanza kabisa. Alikuwa na kuku mia mbili kwenye banda la fito na udongo lililokuwa nyuma ya jiko. Mvua zikaanza, paa likavuja, pumba zikawa tope. Harufu ikatoka bandani, ikaingia nyumbani, ikavuka ua.

Hapo Justina akafanya alichomwona mama yake akikifanya maisha yake yote kule Lalago. Zizi la mbuzi likilowa, mama yake alichota majivu jikoni na kuyamwaga. Majivu yalikausha, yalifukuza viroboto, na kesho yake mbuzi walilala vizuri. Justina alikusanya majivu ya nyumba sita, ndoo kumi na moja kwa hesabu yake, akayatandaza bandani jioni na kujisifu.

"Asubuhi sikuweza kuingia," anakumbuka. "Nilifungua mlango nikarudi nyuma kama mtu aliyesukumwa. Harufu ilikuwa imezidi mara tatu. Kuku wamevimba macho, wengine wamefumba kabisa, wanatembea wakigongana. Nikasema nimerogwa."

Hakuwa amerogwa. Majivu yanapokutana na mavi mabichi ya kuku huichochea amonia itoke kwa kasi zaidi. Zizi la mbuzi liko wazi na upepo unapita, kwa hiyo mama yake hakuwahi kuliona tatizo hilo. Banda la kuku mia mbili lililozibwa kwa ajili ya joto ni kitu kingine. Kuku sitini na mmoja walikufa ndani ya siku tisa.

"Nililia. Halafu ikaja barua ya kwanza, ile ya onyo," anasema na kuigusa barua iliyochakaa kuliko zote. "Hiyo sikuibishia. Walikuwa na haki, nilikuwa nawatesa watu."

Aliuza waliobaki kwa bei ya kutupa na kubomoa banda. Novatus akajenga jingine upande wa pili wa kiwanja, la tofali, lenye sakafu ya saruji na wavu pande mbili. Lakini Justina alijua saruji peke yake haizuii harufu.

Jibu alilipata kwenye viwanja vya Nyakabindi, siku za maonyesho ya wakulima. Alikwenda kuangalia mashine za kutotolesha vifaranga, akakuta kijana mmoja amesimama peke yake mbele ya ndoo ya vipande vyeusi ambavyo hakuna aliyevijali. Kijana alimweleza kwamba mabaki ya mazao yakichomwa kwa hewa kidogo na kuzimwa kabla hayajawa majivu, hubaki mkaa mwepesi wenye vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho. Vitundu hivyo hunyonya maji na kukamata hewa chafu. Wataalamu huuita bayocha. Ukichanganywa na pumba za bandani, alisema, harufu hupungua sana.

"Nikamuuliza, mabaki gani? Akasema yoyote, hata mashina ya pamba. Nilicheka peke yangu kama kichaa," anasema Justina.

Mkoa mzima wa Simiyu unajua kwa nini alicheka. Kila mwaka pamba ikishavunwa, mkulima anatakiwa ang'oe mashina yote na kuyachoma ili wadudu wasipate pa kulala mpaka msimu ujao. Asiyechoma hupigiwa kelele na viongozi. Kuanzia Lalago hadi Nassa, moshi unapanda mashambani wiki hadi wiki, na vilima vidogo vya majivu vinabaki vinapeperushwa na upepo. Penye miti hapana wajenzi. Mali ya bure ilikuwa inachomwa kwa amri, na Justina amekulia ndani ya moshi wake.

Alipanda gari kwenda kwa baba yake, Mzee Luhaga, na kumwomba asichome mashina ya shamba la ekari tatu mpaka yeye afike. Wakachimba shimo lenye umbo la sinia kubwa, kina cha kiunoni, wakawasha moto chini na kuongeza mashina kidogo kidogo juu yake. Safu ya chini ikigeuka makaa, inafunikwa na nyingine kabla haijaanza kuvaa weupe wa majivu. Shimo lilipojaa makaa mekundu, Justina akaamuru ndoo za maji zimwagwe zote kwa pamoja.

Mzee Luhaga, mwenye umri wa miaka sabini na minne, anacheka kwenye simu akisimulia siku ile.

"Mimi nimechoma pamba tangu kijana. Moto wa pamba unauwasha ili uishe, huyu mtoto anauzima katikati! Na maji yenyewe yanatoka mbali kwa baiskeli. Nikamwambia mayu, mama yangu, umesomea wapi ujinga huu?" anasema mzee. "Sasa hivi nampigia simu mimi. Yale mavi yake yenye mkaa akinipa kwenye mahindi, shamba linakuwa jeusi hivi, kijani mpaka unaogopa. Nimesema viroba vyote ni vyangu, asimpe mtu."

Makaa yakipoa, Justina huyatwanga kwenye kinu yakiwa bado na unyevu, khanga imefungwa puani, kwa kuwa vumbi lake si zuri kwa mapafu. Huyapitisha kwenye chekeche. Ndoo moja ya bayocha huchanganywa na ndoo kumi za pumba za mpunga kabla vifaranga hawajafika, na kila wiki huongezwa kidogo palipolowa. Chakulani pia huweka, lakini kiasi kidogo tu: kilo moja kwa kila kilo mia za chakula, na siku za dawa haweki kabisa.

"Huu mkaa unakamata kila kitu, hauchagui," anaeleza. "Ukimpa kuku dawa na mkaa pamoja, mkaa unaila dawa. Hilo nilijifunza kwa kuku kumi na wanne waliohara damu huku nawapa dawa kila siku. Kila kitu hapa nimekijua kwa kuku kufa."

Awamu ya tatu, kati ya vifaranga mia tatu walikufa tisa. Awamu ya nne, kati ya mia nne, kumi na moja. Vyama vya akina mama vya Nyalikungu vikaanza kumwita akafundishe, na majirani wa nyuma, waliowahi kulalamika, wakarudi kuanika nguo upande wa banda.

Kwa nini basi leo zinaning'inia barua tatu badala ya moja?

Mwaka jana, jirani wa upande wa mashariki, Masunga, alimaliza kujenga nyumba ya wageni yenye vyumba kumi na viwili. Ni nyumba nzuri, ina vigae vyekundu na taa za rangi getini. Muda mfupi baadaye aliandika malalamiko kwenye ofisi ya kata kuhusu harufu ya kuku.

Masunga hakukataa kuzungumza. Alitukaribisha barazani kwake, akaagiza soda.

"Mama Faraja ni jirani yangu, sina ugomvi naye," alisema. "Lakini biashara ya wageni ni macho. Mgeni akishuka kwenye gari akaona banda la kuku, anajua tu hapa pananuka."

Aliulizwa kama yeye mwenyewe amewahi kuisikia harufu hiyo.

"Kuku ni kuku, ndugu mwandishi. Lazima wanuke."

Aliulizwa tena: amewahi kuisikia, hapa barazani, mwaka huu?

Akatazama upande wa banda, mita kama ishirini kutoka alipokaa, na upepo ulikuwa unatoka hukohuko. "Siwezi kusema kila siku," akajibu, kisha akainuka kupokea simu ambayo sisi hatukuisikia ikilia.

Mpishi wake, Asumini, hana kigugumizi kama bosi wake. Kuku wakishafikia kuuzwa, kila Ijumaa anavuka ua kuchukua wanane kwa ajili ya wageni.

"Kuku wa Mama Faraja ndio hao wageni wanawala na kuwasifia," anasema Asumini akifuta mikono kwenye aproni. "Mimi nanunua kwake kwa sababu wa sokoni wengine ukiwachemsha jiko zima linanuka banda. Hawa hawana hiyo. Bosi anajua, si ndiye anayetoa hela?"

Malalamiko ni haki ya kila mtu, hata ya mwenye nyumba ya wageni anayekula kuku wa anayemlalamikia. Kinachoudhi ni kilichofuata.

Kata husika hatuitaji kwa jina kwa kuwa shauri halijaisha, na kwa sababu hiyohiyo hatumtaji afisa afya wake. Afisa huyo alipewa kazi ya kukagua. Justina anasema alimwona siku hiyo amekaa juu ya pikipiki barabarani, injini ikiunguruma. Akamkimbilia na gambuti mkononi.

"Nikamwambia karibu bwana afya, ingia uone. Akasema nimeshaona. Nikamwambia ingia unuse basi. Akasema nina haraka, nina maeneo mengine. Hata mguu hakushusha chini!"

Ilani ya siku thelathini ilifika asubuhi ileile vifaranga wapya mia nne walipofika. Walikuwa bado kwenye maboksi, wanalia, barua ikiwekwa juu ya boksi. Imeambatishwa taarifa ya ukaguzi yenye tarehe ya mwezi uliopita. Mwandishi ameisoma mara mbili. Inasema banda ni la fito na udongo, liko nyuma ya jiko, paa linavuja, na lina kuku takriban mia mbili wenye macho yaliyovimba.

Banda hilo halipo. Lilibomolewa miaka miwili iliyopita, na mahali pake sasa pamepandwa matembele. Kuku wenye macho yaliyovimba walishakufa au kuliwa zamani. Mtu alifungua faili, akanakili taarifa ya zamani, akabadilisha tarehe, akagonga mhuri. Kisha akamwambia mama wa watu aondoe riziki yake kwa kosa la banda ambalo ni bustani ya mboga.

Novatus, mtu mpole anayependa utani, anasema siku ile alimwogopa mke wake kwa mara ya kwanza.

"Hakulia, hakupiga kelele. Aliisoma ile barua mpaka jioni," anasema. "Mimi nikajua huyu leo anapika kitu, na si ugali."

Alichokipika kilionekana Jumatatu iliyopita, saa nne asubuhi, kwenye kikao cha kamati ya watu wanne, afisa afya akiwemo, ofisini kwa kata. Justina aliitwa ili kujieleza. Mvua ilikuwa inanyesha, na kila aliyekuja aliingia na mizigo yake ndani isilowe: miavuli, mikoba, gunia la mtu la karanga. Novatus akaingia na kiroba cha kilo ishirini na tano kilichofungwa mdomo kwa kamba. Kwa kuwa chumba ni kidogo, akakisukuma chini ya meza ya kamati.

Hakuna aliyeuliza kuna nini ndani.

Kikao kilichukua saa moja na nusu. Ilisomwa taarifa ya ukaguzi. Masunga akazungumza. Wajumbe wawili wakazungumza kuhusu hadhi ya mji na maendeleo. Ikaja chai na maandazi, wakanywa. Afisa afya, aliyekaa pembeni mwa meza, alikipata kile kiroba kwa mguu, akaona kinamfaa, akapumzisha kiatu chake juu yake.

"Yaani anarudia 'harufu kali isiyovumilika', mguu uko juu ya kiroba, andazi liko mkononi," anasema Justina, na hapa anacheka kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, ingawa si cheko la furaha. "Nikasema Mungu wangu, nipe uvumilivu asimalize mapema."

Mwishoni mwenyekiti akamgeukia. "Mama, una la kuongeza?"

"Ninalo, mheshimiwa mwenyekiti," Justina akajibu. "Liko chini ya meza."

Akainama, akamwomba bwana afya aondoe mguu, akakivuta kiroba mpaka katikati ya chumba na kufungua kamba.

"Haya ni mavi ya kuku wangu mia nne, ya wiki tatu, nimeyachota leo asubuhi kwenye pembe inayolowa kuliko zote," akawaambia. "Mmekaa nayo saa moja na nusu. Mmekunywa nayo chai. Naomba mjumbe aliyesikia harufu anyooshe mkono."

Novatus anasema hakuna mkono ulionyooshwa. Kisha mjumbe mmoja mzee akaangua kicheko, mwenyekiti akamkemea. Na hapo, baada ya kukiona kilichomo, wajumbe wawili wakaziba pua.

"Wakaziba pua!" Justina anapiga kofi gotini. "Saa moja na nusu pua ziko wazi. Macho yalipoona ndipo pua zikakumbuka kazi!"

Mtu angedhani shauri liliisha pale. Ukweli ukidhihiri uongo hujitenga, ndivyo tunavyofundishwa. Ofisini kwa kata uongo haukujitenga hata hatua moja, ulikaa kwenye kiti chake na mhuri mkononi. Mwenyekiti alisema ofisi imedhalilishwa na kikao kimeahirishwa hadi kitakapotangazwa tena. Siku tatu baadaye ikaja barua ya tatu. Haisemi lolote kuhusu harufu. Inamtaka Justina ajieleze kwa maandishi kwa nini asichukuliwe hatua kwa "kuingiza taka za wanyama katika ofisi ya umma".

Mwandishi alimpigia simu afisa afya na kumuuliza kwa nini hakuingia bandani.

"Kuna suala la usalama," alisema. "Mtu wa nje akiingia bandani anaweza kupeleka magonjwa kwa kuku. Nilikuwa nawalinda kuku wake."

Mlangoni kuna gambuti na beseni la dawa kwa ajili hiyohiyo. Alipoulizwa kuhusu banda la fito kwenye taarifa yake, alisema hayo ni mambo ya kiutendaji na hayajadiliwi kwenye simu. Na ilani? Kikao si kimeahirishwa?

"Kikao kimeahirishwa. Ilani haijafutwa," alisema. "Taratibu ni taratibu."

Kwa maneno mengine, waliopaswa kuamua wamekwenda mapumziko, lakini siku za Justina zinaendelea kuhesabika. Ni vigumu kuandika hayo bila kukasirika, na mwandishi hajaribu kujizuia. Wizara ya mifugo ikitaka wananchi wafuge kisasa mjini bila kuudhi jirani, mwanamke huyu amefanya hivyo, kwa mashina ambayo mkoa mzima unayachoma bure. Kosa lake ni kwamba hakuna mwenye cheo aliye tayari kuchafua suruali ili aone.

Saa nne mawingu yanaachia na jua linatoka. Justina anageuza pumba kwa reki, anaanza upande wa vyombo vya maji. Mama mmoja anapita njiani na kumsalimia kwa Kisukuma, "Mwangaluka, mayu." Anaitikia bila kusimamisha kazi.

Anasema mpango wake hauna siri. Mashina yakianza kung'olewa mwaka huu atakwenda Lalago na wanawake thelathini, wachimbe mashimo kumi na kuzima moto kabla ya majivu. Anataka kila mfugaji mdogo wa Bariadi apate bayocha karibu, asipitie ndoo kumi na moja za majivu kama yeye. Faraja akimaliza chuo, anataka kujenga banda la pili. Lakini yote hayo yako ng'ambo ya Ijumaa.

"Ijumaa nitafanya nini? Nitalisha kuku wangu saa kumi na mbili kama kawaida," anasema. "Wakija kuwaondoa, watanikuta humu."

Anatuongoza mlangoni kuonyesha alichoandaa. Zimepangwa jozi nne za gambuti mpya, namba tofauti, amekisia miguu ya wajumbe kwa kukumbuka viatu alivyoviona chini ya meza. Kando yake kuna gunia safi lililokunjwa mara mbili.

Gunia la nini?

"La magoti yao, suruali zisichafuke," anasema Justina, na uso wake hauna utani hata kidogo. "Nimewaandikia, na barua wamepokea, wamesaini. Nimesema hivi: waje wote wanne, wavae, waingie, wapige magoti kwenye pembe zote kama ninavyopiga mimi. Wakiinuka wakasema kunanuka, sihitaji ilani. Naondoa kuku wote mwenyewe siku hiyohiyo. Lakini kwanza wapige magoti."

Anachukua kitambaa na kufuta vumbi lililotua juu ya gambuti hizo. Ziko hapo tangu Alhamisi, na mpaka tunaondoka hakuna aliyekuja kuzivaa.